Kilomita Mbili za Njia ya Oregon: Shajara ya Kuhifadhi na Kufundisha, Boise, Idaho

Machi 18, 2023: Kipande tulichokabidhiwa

Kikundi chetu cha watu kumi na mmoja wa kujitolea leo kimekabidhiwa kipande cha Njia ya Oregon chenye urefu wa kilomita 2.1, kusini-mashariki mwa mji wa Boise, kati ya kilima cha Bonneville Point na ukingo unaoshukia bonde la Mto Boise. Ardhi ni ya serikali ya shirikisho. Makubaliano yanaturuhusu kupima, kuweka alama na kuongoza wageni, lakini hayaturuhusu kuchimba bila kibali cha pekee.

Kwa msomaji asiyeifahamu njia hii: ilianzia Independence, Missouri, ikavuka nyika na milima kwa zaidi ya kilomita 3,200 hadi Oregon City. Mwaka 1843 msafara wa kwanza mkubwa, wa watu wapatao elfu moja, uliipita kwa magari ya maksai, na hadi reli ya kuvuka bara ilipounganishwa Promontory Summit, Utah, Mei 10, 1869, wanakadiriwa kupita watu kati ya 300,000 na 500,000, wakiwemo wa matawi ya kuelekea California na Utah. Wengi hawakupanda gari. Walitembea kando yake kwa miezi mitano hivi, kwa kuwa gari lilikuwa la mzigo na maksai walihitaji kuhurumiwa. Bunge la Marekani liliitambua kuwa njia ya kihistoria ya taifa mwaka 1978. Hata hivyo kutambuliwa kwenye sheria hakuuzuii udongo kumomonyoka, na sehemu ambazo alama za magurudumu bado zinaonekana kwa macho ni chache na zimetawanyika.

Njia ya namna hii hufa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kulimwa au kujengewa, nayo huonekana na hupigiwa kelele. Ya pili ni kutumiwa kila siku na watu wasiojua wanachokikanyaga, na hiyo ndiyo inayokikabili kipande chetu, kwa sababu baiskeli za milimani na pikipiki zimekuwa zikipita humo kwa miaka. Shajara hii inaandikwa kwa Kiswahili kwa kuwa nusu ya kikundi chetu ni watu wa Kongo, Burundi na Tanzania wanaoishi hapa Boise, na familia tunazokusudia kuzifundisha huzungumza Kiswahili nyumbani.

Aprili 29, 2023: Mita 200 zilizotupoteza

Tulianza kwa kusoma shajara za wasafiri wenyewe, lakini kwa kazi ya kupata mahali hasa hazikutufaa sana, kwa kuwa mara nyingi husema tu kwamba msafara ulilala penye maji, au kwamba majani yalikuwa haba. Chanzo bora ni daftari za wapimaji wa serikali. Mwaka 1867 Lafayette Cartee, mpimaji mkuu wa kwanza wa Idaho, aliweka nukta ya kuanzia upimaji kusini mwa mahali ambapo leo ni mji wa Kuna, na kutoka hapo ardhi yote ikagawanywa katika miraba ya maili moja. Wapimaji walitembea kwenye kila mstari wakiburuta mnyororo wa mita 20.1, minyororo 80 kwa maili, na kila walipokata barabara waliandika wameikata kwenye mnyororo wa ngapi. Barabara iliyoandikwa kwenye 34.5, kwa mfano, iko mita 694 kutoka kona ya mraba. Ramani zilizochorwa kutokana na kazi hiyo zinapatikana bure kwenye intaneti.

Tulihamishia nukta hizo kwenye ramani ya zamani ya karatasi, tukasoma namba zake, tukaziingiza kwenye simu na kwenda uwandani. Jumamosi mbili mfululizo hatukuona kitu ila vichaka vya artemisia, jamii ya pakanga, na vijia vya ng'ombe. Jumamosi ya pili mwenzetu mmoja aliamini kwa dhati kwamba kijia kimojawapo ndicho njia yenyewe, na sisi wengine, kwa uchovu, tulikaribia kukubaliana naye.

Kosa lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa ramani. Ramani ile ilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa NAD27, wa mwaka 1927, na simu hutumia WGS84, mfumo mpya zaidi wa GPS. Namba zilezile za gridi, zikisomwa katika mifumo hii miwili, huonyesha mahali pawili tofauti, na katika eneo hili tofauti ni kama mita 200 kwenda kaskazini. Tulikuwa tukihangaika kusini mwa njia, nayo iko juu yetu mtelemkoni. Tangu siku hiyo, kabla ya kupima chochote, tunasimama kwanza kwenye kona ya mraba yenye alama ya chuma na kuhakikisha kuwa simu inakubaliana nayo. Hatua hii huchukua dakika tano. Gharama hadi sasa ni dola 38 za tepu ya mita 50 na nakala za ramani.

Mei 13, 2023: Mtaro, mfuo na barabara ya jeep

Njia imepatikana, na sasa swali ni ipi ya kweli, maana mtelemko una michirizi minne. Kwa ajili ya watakaofanya kazi kama hii, naeleza tunavyoitenganisha.

Penye udongo, magari ya maksai huacha mtaro: bonde dogo lenye chini ya duara, kingo zilizolegea na vichaka vikongwe vilivyoota ndani yake. Penye mwamba huacha mfuo, yaani jiwe lililosagwa na vyuma vya magurudumu, na mara nyingine doa la kutu limebaki juu ya basalti, mwamba mweusi wa volkano. Barabara ya jeep ni mistari miwili mikali yenye mgongo wa majani katikati. Dalili tunayoiamini kuliko zote ni huo mgongo. Gari la maksai lilitanguliwa na wanyama waliokanyaga katikati kabisa ya magurudumu, jozi baada ya jozi, kwa hiyo katikati nako kulichimbika, ilhali injini haina kwato. Kwa kigezo hiki peke yake tuliondoa michirizi miwili kati ya minne kwa nusu saa.

Ili macho yetu yajue wanachokitafuta, tulikwenda kwanza kuona mteremko wa Kelton katika hifadhi ya njia iliyo ndani ya mji wa Boise. Hapo basalti ilikatwa ili magari yaweze kuupita ukingo wa mwamba, na kuta za mkato bado zinaonyesha zilivyokwaruzwa. Barabara ya Kelton yenyewe ilikuwa ya mizigo, ikitoka kituo cha reli cha Kelton, Utah, baada ya 1869, na baadhi ya sehemu zake zimekalia njia ya zamani, kwa hiyo si kila alama ya gurudumu ni ya walowezi.

Shirika la wapenzi wa njia hizi, Oregon-California Trails Association, lina utaratibu wa madaraja matano: njia ambayo haijabadilika, iliyoendelea kutumiwa, iliyothibitishwa kwa ushahidi ingawa haionekani vizuri, iliyoharibiwa, na inayokisiwa tu. Kwa utaratibu huo tuna mita 900 za daraja la kwanza, mita 700 za daraja la pili, na mita 500 zilizobaki ni za nne na tano.

Mmoja wetu alikuja na kifaa cha kutafutia vyuma ardhini, tukakirudisha garini. Sheria ya mwaka 1979 ya kulinda mali za kiakiolojia inakataza kuondoa kwenye ardhi ya shirikisho vitu vya kale vilivyotimiza miaka 100, na hata pasingekuwa na sheria, msumari ukishatoka mahali pake hauelezi tena gari lilipita wapi. Kipande kimoja cha chuma tulichokiona juu ya ardhi tulikipiga picha, tukarekodi mahali pake, tukakiacha.

Juni 17, 2023: Vigingi 20, na mashimo sita yasiyotakiwa

Tulitamani nguzo za mbao kwa sababu zinapendeza. Mei 20 tulinunua sita na kuchimba mashimo sita kwa mtaimbo na koleo. Kabla ya saa sita mchana afisa wa ardhi alikuwa amefika na kutusimamisha, kwa upole ambao hatukuustahili. Sharti lilikuwa kwenye makubaliano ya Machi na sahihi zetu ziko chini yake: kazi yoyote inayogusa chini ya uso wa ardhi hii hupitiwa kwanza, kwa mujibu wa Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Historia ya mwaka 1966. Mwanaakiolojia alipokuja kutembea nasi, alituonyesha kuwa mashimo mawili kati ya yale sita yalikuwa kwenye bega la mtaro wenyewe. Tulikuwa tumeanza kuuchimbua ushahidi ili tuweke kibao cha kuutangaza.

Tulisubiri wiki nne. Kibali kilichotoka ni cha vigingi vyembamba vya faibaglasi vya rangi ya kahawia, ambavyo hupigiliwa bila shimo. Udongo wa Juni ulikuwa umekauka kama tofali, na vigingi vitatu vya kwanza vilipinda. Kilichosaidia ni kutanguliza mtaimbo wa chuma kwa sentimita 30, kisha kukipigilia kigingi katika tundu hilohilo. Gharama: vigingi 20 kwa dola 27 kila kimoja, dola 540, stika dola 60, kukodi kifaa cha kupigilia siku mbili, dola 70. Nguzo za mbao tuliziuza kwa hasara ya dola 48.

Kazi hii ina babu yake. Ezra Meeker aliipita njia mwaka 1852 akiwa kijana, na mwaka 1906, akiwa na miaka 75, akaanza kuirudi kutoka Puyallup, Washington, kuelekea mashariki kwa gari la maksai, akihimiza kila mji uweke jiwe la kumbukumbu kabla majembe hayajaifuta. Jiwe la Boise liko kwenye uwanja wa jengo la bunge la jimbo. Namheshimu mzee huyo, ila naona upungufu mmoja katika mbinu yake: mawe mengi yaliwekwa mahali watu walipo, na njia yenyewe ikabaki bila mlinzi mahali watu wasipokuwepo.

Septemba 23, 2023: Vigingi viligeuka njia

Hili ndilo kosa kubwa la mradi, na tulilifanya kwa nia njema.

Tuliweka vigingi katikati ya mtaro, kimoja kila mita mia hivi, tukifikiri mgeni atavifuata bila kupotea. Alivifuata kweli. Waendesha baiskeli waliona safu ya vigingi ikishuka mtelemkoni wakaelewa, kama mtu yeyote mwenye akili ambavyo angeelewa, kwamba hapo ndipo pa kupita. Tuliporudi baada ya miezi mitatu ya joto na tahadhari ya moto, mita 400 za daraja la kwanza zilikuwa na mstari mpya wa upana wa sentimita 30, na chini yake, tulipolaza rula juu ya kingo, kina kilikuwa sentimita nne. Mtaro uliokaa zaidi ya miaka 150 bila kuguswa tuliuharibu kwa msimu mmoja kwa alama za kuuhifadhi. Vigingi vingine sita vilikuwa vimevunjwa na ng'ombe wa malisho, ambao hujikuna kwenye kitu chochote kilichosimama, na uwanda huu hauna miti.

Tuliving'oa vyote. Sasa vinasimama mita nne nje ya mtaro, upande wa juu, na kwa kupishana, ili aliyesimama penye kigingi kimoja aone kinachofuata huku mtaro ukiwa kati ya macho yake na bonde. Stika mpya zinamwambia atembee kando. Tuliomba kibali upya kwa kila mahali papya, na safari hii tuliomba kwanza. Gharama ya marekebisho: vigingi sita dola 162, kukodi kifaa dola 35.

Novemba 18, 2023: Mawe, mbegu na kijia cha pembeni

Kumwambia mwendesha baiskeli asipite humu bila kumpa pa kupita ni kupoteza stika. Tumepewa ruhusa ya kusafisha kijia chenye upana wa sentimita 60, mita 20 hivi kutoka kwenye mtaro, na kuziba mahali palipochongwa na magurudumu ya kiangazi.

Kwa kuziba tulitumia mawe ya basalti ya machimbo, tani nane kwa dola 42 kila tani, na dola 210 za usafiri. Hatukuokota mawe ya hapohapo, kwa kuwa jiwe lenye doa la kutu huenda ndilo ushahidi pekee wa mita zile. Mara ya kwanza tuliyapanga kwa mstari ulionyooka, na wiki iliyofuata alama za matairi zilikuwa zimeuzunguka upande wa kushoto. Mstari wa mawe humwonyesha mtu mahali unapoishia. Tuliyatawanya bila mpango, mengine yamezikwa nusu kwenye uchafu uliokwisha kuvurugwa, na kati yake tukatupa matawi makavu ya artemisia. Tangu hapo hakuna aliyepita.

Mbegu za nyasi za asili, dola 145, tulizimwaga Oktoba juu ya udongo mkavu, na upepo ukazichukua nyingi. Zilizobaki tulizifukia kwa reki baada ya mvua ya kwanza. Hapa tunashindana na nyasi vamizi kutoka ng'ambo ambazo huota wakati wa vuli, hukauka mapema kiangazi na kuwa nishati ya moto. Zikitangulia kuota kwenye kidonda, nyasi za asili hukosa nafasi.

Februari 17, 2024: Theluji ilitufundisha, kipeperushi kilituaibisha

Wiki iliyopita ilianguka theluji ya sentimita mbili. Ilipoanza kuyeyuka asubuhi, migongo ya ardhi iliachwa wazi na theluji ikabaki mashimoni, na kwa muda wa dakika arubaini hivi tuliona kutoka juu ya ukingo mistari mitatu myeupe ikienda sambamba, kwa umbali wa mita 12 hivi kati ya mmoja na mwingine, kisha ikakutana kuwa mmoja pale mtelemko unapobana. Tulikuwa tumechora mmoja tu. Sababu inajulikana: kwenye ardhi tambarare misafara ilitawanyika ili gari la nyuma lisimeze vumbi la gari la mbele. Tulichokuwa hatujui ni kwamba kijia chetu kipya cha pembeni kinaukata mstari wa tatu. Jumamosi moja ya kazi imekihamisha kwa mita 30. Yeyote anayepima njia kama hii asimalize ramani yake kabla hajaiona chini ya theluji nyembamba, au angalau jua likiwa chini kabisa.

Kipeperushi ni habari nyingine. Nakala 300 za kwanza, dola 186, zimekwenda kwenye pipa la karatasi kwa sababu ya maneno mawili. La kwanza ni "magari". Niliandika kwamba mwaka 1843 magari zaidi ya mia moja yalipita hapa, na mtoto wa darasa la nne aliyekuwa msomaji wetu wa majaribio akauliza walikuwa wakijaza wapi mafuta. Sasa tunaandika "magari ya maksai", na kwa kuwa baadhi ya wasomaji wa Kongo hawalitumii neno maksai, tumeongeza "ng'ombe dume waliohasiwa wa kukokota".

La pili ni zito zaidi. Watu hawa kwa Kiingereza huitwa kwa neno la sifa, "pioneers", na mimi nililitafsiri "waanzilishi". Mwenzetu aliyesoma rasimu aliuliza walianzisha nini, ilhali bonde lilikuwa na wenyewe, Washoshone, Wabannock na Wapaiute wa Kaskazini, na sehemu kubwa ya njia ilifuata mapito yaliyokuwepo. Kiswahili kina neno tayari, "walowezi", na msomaji wa Kenya au Tanzania akilisikia hahitaji maelezo. Nakala ya Kiingereza tulimpelekea msomaji mmoja wa Fort Hall, eneo la wenyeji lililotengwa kusini-mashariki mwa Idaho, ambaye alikata sentensi moja tu, iliyosema wenyeji wa bonde waliondoka mwaka 1869. Kwa Kiswahili sahihisho lake lilikuwa dogo kwa herufi: hawakuondoka, waliondolewa. Walipelekwa kwa nguvu Fort Hall, na wazao wao hurudi Boise kila mwaka kukutana na bonde lao. Chapa ya pili, nakala 300, dola 198.

Mei 18, 2024: Ziara ya kwanza kwa Kiswahili

Walikuja watu 38, watoto 17 kati yao, kwa basi la kukodi la dola 320. Maji na chakula dola 95. Kama mtu angenipa alama, ningepata chini ya nusu. Nilisimama kwenye maegesho nikazungumza kwa dakika arubaini juu ya mwaka 1843, sheria, reli na dhahabu ya California, kabla hajatokea mtu aliyeona hata sentimita moja ya mtaro. Nilipomaliza, watoto walikuwa wamekwisha kuugundua wenyewe na walikuwa wakikimbizana ndani yake.

Tulipofika penye kigingi cha tano, mzee mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliniuliza: "Mwalimu, hawa watu walikuwa wakimbizi ao wakoloni?"

Sikuwa na jibu lililopangwa, nikababaika. Niliandika lifuatalo usiku ule, na ndilo msingi wa ziara ya sasa. Hawakuwa wakimbizi kama sisi tunavyolijua neno, kwa kuwa wengi waliuza mali, wakanunua gari na jozi za maksai, gharama ambayo maskini kabisa hakuiweza. Waliahidiwa ardhi: sheria ya mwaka 1850 iliwapa wanandoa weupe waliokwisha kufika Oregon ekari 640, nusu yake kwa mtu asiyeoa, juu ya ardhi ambayo sehemu kubwa wenyewe hawakuwa wameikabidhi kwa mkataba. Misafara ilimaliza majani, kuni na wanyama wa windo kando ya mito, na uhasama ukakua. Agosti 20, 1854, magharibi mwa Boise, watu 18 kati ya 20 wa msafara wa Ward waliuawa, na jeshi likaja kulipiza kisasi. Hata hivyo njiani palikuwa pia na watu wasiotoshea katika jibu rahisi. Hiram Young, aliyezaliwa utumwani na kujinunulia uhuru, alikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa magari na nira Independence. George Washington Bush, mtu mweusi mwenye mali, alisafiri mwaka 1844, akakuta Oregon imepitisha sheria ya kuwafukuza watu weusi, akaendelea kaskazini na kukaa ambako leo ni Tumwater, Washington. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu mwaka 1855 ili ardhi yake iwe yake.

Mzee nilimpelekea jibu hili kwa simu. Alisema sehemu ya Bush ndiyo iliyostahili kusemwa kwanza.

Juni 15, 2024: Ziara ya pili

Tumegeuza mpangilio. Wageni hutoka kwenye basi na kwenda moja kwa moja hadi ukingoni, hupewa tepu, na kuulizwa ni ipi kati ya michirizi miwili iliyokanyagwa na kwato. Hotuba haipo. Habari ya Bush husemwa penye kigingi cha pili, kuondolewa kwa wenyeji husemwa mahali bonde linapoonekana lote, na swali la mzee huulizwa kwa wageni badala ya kujibiwa.

Jipya lililofaulu ni sanduku la gari. Kwa mbao na turubai za dola 164 tumetengeneza umbo la gari la mita tatu kwa mita 1.2, lisilo na magurudumu, na magunia ya majani makavu yaliyoandikwa unga, nyama ya chumvi, maharage, zana, kitanda, saa ya ukutani. Miongozo ya wakati ule ilishauri kilo 70 hadi 90 za unga kwa kila mtu mzima, na mzigo wote usizidi sana tani moja. Familia hupakia, kisha huambiwa maksai wamedhoofu na robo ya mzigo ibaki. Mama mmoja aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hakusubiri kuambiwa. Aliweka sufuria, jembe na mbegu, akakalia gunia la unga, na alipoulizwa kuhusu saa ya ukutani alicheka tu. Watoto wake walibishana naye juu ya kitanda kwa dakika kumi, na kikundi kizima kikaacha kuniangalia mimi.

Kijana wa Kigoma aliuliza kwa nini njia ya misafara ya Ujiji hadi Bagamoyo haina mitaro kama hii. Jibu ni mbung'o. Ng'ombe wa kukokota hawakuweza kuvuka maeneo yenye nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, na wamisionari wa London Missionary Society waliojaribu magari ya ng'ombe kutoka Saadani mwaka 1877 walipoteza wanyama wao, kwa hiyo mzigo ulibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi. Nyayo za watu hazichimbi mtaro mpana kama huu. Kilichobaki kuionyesha njia ile ni miembe. Basi dola 320, chakula dola 80. Tulianza saa tatu asubuhi, na tulipaswa kuanza saa mbili.

Oktoba 12, 2024: Hali ilivyo

Gharama zote tangu Machi 2023 ni dola 3,007, ambazo dola 1,500 ni ruzuku ndogo na zilizobaki ni michango ya wanakikundi. Kati yake dola 431 zililipia makosa yaliyoelezwa hapo juu: nguzo za mbao, kuhamisha vigingi na chapa ya kwanza ya kipeperushi. Saa za kazi hatukuzihesabu tangu mwanzo, jambo ambalo waombaji wa ruzuku wasiige, kwa kuwa wafadhili wengi huzikubali kama mchango.

Mstari wa baiskeli kwenye daraja la kwanza una miche ya nyasi za asili kwenye theluthi mbili hivi ya urefu wake. Kina tulichokipima leo ni sentimita tatu na nusu, karibu kilekile. Kijia cha pembeni kinatumika. Kwenye mita 500 za mwisho hatutaweka alama yoyote hadi tupate daftari ya mpimaji ya mraba wa magharibi, kwa kuwa huko tunakisia, na kigingi kikishasimama hakuna mgeni anayesoma kwamba ni makisio.

Kigingi namba 9 kimelazwa na ng'ombe kwa mara ya tatu. Hatutakirudisha. Stika yake imehamishiwa kwenye nguzo ya uzio iliyo mita sita juu yake, baada ya mwenye malisho kukubali, na ziara ijayo ya Aprili itapita upande huo.